Kumbe Pizza Ilianza kwa Watu Wasio na Jiko!

Ijumaa jioni picha zinaanza kumiminika. Kipande kinanyanyuliwa, jibini inavutika kama ulimbo, chini yake maneno mawili matatu ya kujimwambafai. Mjini pizza ni chakula cha mtoko: cha siku ya mshahara, cha bethidei, cha kumpeleka mtu ambaye anatakiwa aone mambo yako safi. Anayethubutu kuipika nyumbani kwenye kikaango huishia kutaniwa, eti hiyo ni chapati iliyomwagiwa nyanya.

Wanaocheka hawajui historia tu. Pizza haikuzaliwa ushuani. Ilikuzwa na walalahoi wa Napoli, mji wa bandari kusini mwa Italia, ambao wengi wao hawakuwa hata na jiko la maana la kuipikia. Na waliokuwa wanaikanda, karibu wote, majina yao hayajulikani.

Chumba kimoja, mlango barabarani

Karne ya 18 na ya 19 Napoli ilikuwa kati ya miji yenye watu wengi zaidi Ulaya, na maskini wake walibanana kwelikweli. Familia nzima ilikaa kwenye chumba kimoja cha chini, mlango unafunguka moja kwa moja barabarani, mara nyingi hakuna dirisha. Hapo ndipo wanapolala, hapo ndipo wanapofanyia kazi. Kibarua wa bandarini au mvuvi alihitaji chakula cha bei ndogo, cha kushika mkononi na kula huku anatembea.

Jibu lilikuwa unga, maji, chumvi na chachu. Juu yake kitunguu saumu, mafuta, jibini ya kukwangua au visamaki vidogo. Nyanya ilifika Ulaya kutoka Amerika karne ya 16, na kwa muda mrefu wengi waliiogopa wakidhani ina sumu. Ilipozoeleka kusini mwa Italia, ikapanda juu ya unga na haikushuka tena.

Mwenye tanuri alichoma pizza kubwa, akazikata vipande, akampa kijana akauze kona ya mtaa. Wengine walibeba chombo cha bati kichwani ili zisipoe. Bei ilifuata ukubwa wa kipande: mwenye senti moja alipata cha senti moja.

Na asiye na kitu je? Alikula kwa mkopo. Kulikuwa na mtindo wa kula leo na kulipa baada ya siku nane. Mwandishi maarufu wa Ufaransa, Alexandre Dumas, alipita Napoli miaka ya 1830, akasikia habari ya "pizza ya siku nane". Akaenda kuandika kwamba ni pizza iliyochomwa wiki nzima iliyopita! Mgeni mwenye hela hakuwaza kabisa kwamba mtu anaweza kukopa kipande cha mkate. Kijana yeyote aliyewahi kutumwa dukani kwa Mangi akaambiwa "mwambie aandike kwenye daftari" angeelewa papo hapo.

Walioidharau

Nje ya Napoli, pizza ilichekwa. Carlo Collodi, yule aliyetunga hadithi ya Pinocchio, aliielezea miaka ya 1880 kama kitu chenye mwonekano wa uchafu, kinachofanana na uchafu wa muuzaji wake. Matilde Serao, mwandishi aliyeishi Napoli, alisimulia mwaka 1884 habari za mtu aliyejaribu kuipeleka Roma. Mwanzoni watu walijaa kwa udadisi, kisha biashara ikafifia hadi ikafa. Mwaka huohuo kipindupindu kilipiga Napoli na kuua maelfu, hasa kwenye vile vyumba vya chini. Chakula cha mtaani cha watu hao nani wa heshima angekigusa?

Halafu inakuja hadithi ambayo kila mpenzi wa pizza ameisikia. Mwaka 1889 Malkia Margherita yuko Napoli, anaitwa mpishi, anatengeneza pizza ya nyanya, jibini ya mozarela na majani ya mrehani, rangi za bendera ya Italia. Malkia anaipenda, pizza inapewa jina lake. Tamu sana, ila wanahistoria wengi wanaitilia shaka, na viungo hivyo vilishatajwa kwenye maandishi zaidi ya miaka 20 kabla ya ziara hiyo.

Hata kama ilitokea kweli, angalia nani kabaki kwenye menyu. Malkia aliyeonja, kama alionja, anatajwa kila siku duniani kote. Wale waliokuwa wanaamka usiku kukanda unga vizazi na vizazi, hakuna hata pizza moja inayowataja.

Wanawake wa mlangoni

Vita Kuu ya Pili iliiacha Napoli hoi. Mji ulipigwa mabomu mno, majengo yakabomoka, unga na jibini vikawa adimu. Tanuri inataka kuni na mtaji, vitu ambavyo wengi hawakuwa navyo.

Hapo ndipo wanawake wa vyumba vya chini walipookoa jahazi. Waliweka karai la mafuta ya moto mlangoni, wakakunja unga na kitu kidogo ndani, wakakaanga. Unga ukitumbukia kwenye mafuta unafura, kwa hiyo kipande kidogo kinaonekana kikubwa na kinashibisha. Na ule mkopo wa siku nane ukaendelea palepale. Mwaka 1954 Sophia Loren aliigiza muuzaji wa aina hiyo kwenye filamu ya *L'oro di Napoli*, akapata jina kubwa. Wanawake halisi waliosimama kwenye moshi wa mafuta hawakuwa na kamera ya kuwafuata.

Wakati huo pizza ilishavuka bahari na wahamiaji wa Kiitalia waliokwenda Marekani kutafuta maisha. Mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa wanaichoma New York kwenye tanuri za makaa ya mawe. Mwishoni mwa miaka ya 1940 ukaanza kuuzwa huko unga wa pizza wa pakiti, na miaka ya 1950 ikaja pizza ya kugandishwa. Hivyo ndivyo chakula cha barabarani kilivyoingia jikoni kwa mama wa nyumbani. Na mwaka 2017 UNESCO ikaingiza ufundi wa wachoma pizza wa Napoli kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Kilichoitwa uchafu kikawa urithi.

Kikaangoni sio aibu

Sasa turudi kwa yule anayechekwa kwa kupika pizza nyumbani. Tatizo lake halisi ni moto. Tanuri ya Napoli hufika karibu nyuzi 485 za Selsiasi na pizza huiva ndani ya sekunde 60 hadi 90. Oveni nyingi za nyumbani huishia karibu nyuzi 250, hivyo unga unakaa motoni muda mrefu, unakauka na kuwa kama biskuti.

Ndiyo maana pizza ya nyumbani ina akili yake. Unga wa ngano unakandwa na hamira, chumvi, maji ya vuguvugu na mafuta kidogo yanayosaidia usikauke, kisha unaachwa uumuke taratibu bila haraka. Nyanya inapikwa kwanza hadi maji yaishe, la sivyo katikati panalowa. Kwenye kikaango kizito unga unaiva upande mmoja, unageuzwa, ndipo nyanya na jibini vinawekwa juu na mfuniko unafunikwa, moto mdogo, mpaka jibini iyeyuke. Mwenye jiko la mkaa anajua mbinu ya bibi zetu ya kuoka mkate: sufuria juu ya makaa machache, makaa mengine juu ya mfuniko. Moto juu, moto chini. Hiyo tayari ni tanuri.

Zanzibar walishalielewa hili zamani. Pale Forodhani jioni, unga mwembamba unajazwa kima, kitunguu na yai, unakunjwa, unakaangwa juu ya bati la moto, na unaitwa pizza bila kuomba ruhusa ya Mtaliano yeyote. Kwa umbo ni ndugu wa chapati zaidi kuliko wa Margherita. Lakini muuzaji aliyesimama pembeni ya moto, akimlisha mpita njia kwa hela aliyonayo mfukoni, angetambulika haraka sana kwenye kichochoro cha Napoli.

Kwa hiyo Ijumaa ijayo, anayekunja mikono ya shati na kukanda unga juu ya meza ya plastiki, kikaango kimoja, jiko la gesi la mtungi mdogo, haigi maisha ya kitajiri kwa bei rahisi. Anafanya kile walichofanya wenye pizza yao tangu mwanzo: kutengeneza kitu kitamu kwa kilichopo. Matajiri ndio waliokuja baadaye.