Soko la hisa la Nairobi: nani alimchunga dalali?



Tukitaja utawala bora wa makampuni, mara moja twakimbilia wakurugenzi na mahesabu yao. Historia ya Soko la Hisa la Nairobi yatufunza kuanza nyuma kidogo: soko lenyewe ni la nani?

Soko hilo liliandikishwa mwaka 1954 kama chama cha hiari cha madalali. Enzi hizo za ukoloni Mwafrika hakuruhusiwa kununua wala kuuza hisa. Mlango ulifunguliwa baada ya uhuru wa 1963. Lakini umbo la soko likabaki lile lile. Wanachama ni madalali, kanuni ni zao, na anayekosea ahukumiwa na wenzake. Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, iliyoundwa kwa sheria ya 1989, ilikuta mila hiyo imeshaota mizizi.

Wanunuzi walipokuwa wachache, ila hiyo haikuonekana sana. Kisha serikali ikauza hisa za KenGen mwaka 2006 kwa shilingi 11.90, na mwaka 2008 robo ya Safaricom: hisa bilioni 10 kwa shilingi 5 moja. Watu wa kawaida wakajipanga foleni, wengine kwa mikopo ya benki. Vyeti vya karatasi navyo vilikuwa vinatoweka, hisa zikihifadhiwa kwenye kompyuta, na ufunguo wa akaunti anao dalali.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mwaka 2007 ilianguka Francis Thuo, kampuni ya kwanza ya udalali ya Mwafrika sokoni hapo. Machi 2008 Nyaga Stockbrokers ikawekwa chini ya msimamizi, wateja wakilalamika kuwa hisa zao zimeuzwa bila idhini. Mfuko wa fidia haukumlipa mtu zaidi ya shilingi 50,000. Tazameni basi: KenGen yenyewe ilikuwa nzima. Mnunuzi aliponzwa na mtu wa kati.

Mwaka 2014 tu ndipo soko lilipouza hisa zake kwa umma, baada ya umiliki kutenganishwa na udalali. Miaka 60!

Sie tulioko ughaibuni, tunaotuma fedha nyumbani zinunue hisa, huwa twauliza faida ya kampuni kwanza. Tuulize pia hisa zimeandikwa kwa jina la nani, na dalali huyo anachungwa na nani. Wenye kuijua historia ya Dar es Salaam na Kampala watujuze.