Begeli

Begeli (kwa Kiyidishi: beygl) ni mkate mdogo wa ngano wenye umbo la pete, ambao huchemshwa kwanza katika maji kisha huokwa katika tanuri. Nje hung'aa, na ndani ni mzito wa kutafuna. Kwa umbo hufanana na donati, lakini donati hukaangwa kwa mafuta.

Historia

Asili ya begeli ni kati ya Wayahudi wa Polandi. Inatajwa katika kanuni za jumuiya ya Wayahudi wa mji wa Kraków za mwaka 1610. Wahamiaji Wayahudi kutoka Ulaya ya Mashariki waliipeleka Marekani, hasa New York, na Kanada, hasa Montreal. Kwa miaka mingi waokaji wa New York waliunda begeli kwa mikono na walikuwa na chama chao cha wafanyakazi. Tangu miaka ya 1960 mashine zilichukua sehemu kubwa ya kazi hiyo. Begeli za Montreal huchemshwa katika maji yenye asali na kuokwa kwa moto wa kuni.

Sababu ya kuchemsha

Maji ya moto huivisha wanga ulio juu ya donge hadi kuwa utando unaonata. Katika tanuri utando huo hukauka mapema na kuzuia donge lisiumuke sana. Ndiyo sababu begeli hubaki nzito ndani na yenye kung'aa nje. Hatua hii ikirukwa, kinachopatikana ni mkate wa kawaida wenye tundu.

Utengenezaji nyumbani

Mahitaji kwa begeli 8:
- unga wa ngano gramu 500, hasa ule wa mkate wenye protini nyingi
- maji ya uvuguvugu mililita 290
- hamira kavu kijiko 1 cha chai
- chumvi gramu 10
- sukari kijiko 1 cha chakula

Hatua:
1. Changanya vyote, kisha kanda kwa dakika 10 hivi. Donge liwe gumu kuliko la mkate wa kawaida.
2. Lifunike liumuke kwa muda wa saa 1.
3. Ligawe mara 8, viringisha kila kipande, toboa katikati kwa kidole na upanue tundu hadi sentimita 3 au 4, kwa sababu litajifunga kiasi linapoumuka.
4. Acha pete zipumzike kwa dakika 20. Zikilazwa katika jokofu usiku mmoja, ladha huongezeka.
5. Jaribu pete moja katika bakuli la maji baridi. Ikielea, ziko tayari. Ikizama, subiri zaidi.
6. Chemsha maji lita 2 yenye kijiko 1 cha asali au sukari. Tumbukiza pete chache kwa wakati mmoja, sekunde 45 kila upande.
7. Ziopoe na, zikiwa bado na majimaji, nyunyizia ufuta.
8. Oka katika joto la sentigredi 220 kwa dakika 20 hivi, hadi ziwe na rangi ya kahawia.

Pete zilizoumuka kupita kiasi hunywea na kukunjamana zinapochemshwa.

Ulaji

Begeli hukatwa mara mbili na kupakwa siagi au jibini laini. New York huliwa pia pamoja na samaki aina ya samoni. Hukauka upesi, hivyo hufaa kuliwa siku ileile au kugandishwa.