Babu Baridi wa Sarajevo

Yule mzee wa ndevu nyeupe anayegawa zawadi Disemba, sisi tunamjua kuwa ni wa Wakristo, basi. Lakini Sarajevo, mji mkuu wa Bosnia ambao wakaazi wake wengi ni Waislamu, mwaka 2008 wazazi waliandamana kumtetea. Ilikuwaje?

Kisa kinaanzia Urusi. Wakomunisti waliposhika nchi walizipiga vita dini zote, misikiti na makanisa. Mwishoni mwa miaka ya 1920 hata mti wa Krismasi ukapigwa marufuku. Kisha tarehe 28 Disemba 1935, Pavel Postyshev, mkubwa mmoja wa chama, akaandika katika gazeti la Pravda kwamba watoto warudishiwe mti wao. Ukarudi, lakini umevuliwa dini: sasa ni mti wa Mwaka Mpya, na juu yake nyota nyekundu ya chama. Zawadi akapewa azigawe Ded Moroz, yaani Babu Baridi, mzee wa ngano za kale, na mjukuu wake Snegurochka, binti wa theluji.

Baada ya vita vya pili vya dunia Yugoslavia nayo ikawa ya kikomunisti, na Bosnia ilikuwa ndani yake. Babu akaitwa Djed Mraz. Vifurushi vya zawadi vilitolewa hata kazini kwa wazazi, na kwa kuwa hakuwa wa kanisa, mtoto wa Kiislamu alipata sawa na mwenzake Mkatoliki au Mwothodoksi. (Serikali iliyoibana dini ndiyo iliyowakusanya. Ajabu, eti?)

Halafu Yugoslavia ikavunjika. Katika vita vya 1992 hadi 1995 Waislamu wa Bosnia waliuawa kwa Uislamu wao. Srebrenica peke yake, Julai 1995, wanaume na vijana wapatao 8,000. Waliobaki wakaanza kujiuliza: kipi hasa ni chetu?

Ndipo 2008 uongozi wa shule za chekechea za serikali Sarajevo ukasema Babu haingii tena, si mila ya Wabosnia Waislamu. Uongozi ulisema kweli, maana alikuja na chama. Lakini mimi nawaelewa na wale wazazi. Wengi wao walipokuwa wadogo, huyo ndiye aliyewaletea peremende, kabla ya vita.