Kizingiti cha leza

Sirari, upande wa Tanzania, mpaka huvukwa kwa miguu: hatua chache tu umeshafika Isebania, Kenya. Faiba za Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano nazo huvuka hapa kuungana na za jirani, na kinachopita ndani yake ni nuru isiyoonekana kwa macho. Huzaliwa kwenye chipu ya leza iliyo ndogo kuliko punje ya ulezi.

Chipu hiyo hukaa ndani ya kidude cha chuma chenye ukubwa wa kidole, kilichochomekwa mtamboni. Kichomoe kikiwa kazini uone kilivyo cha moto. Joto lile ni umeme uliolipiwa ukashindwa kuwa nuru. Uwiano wa nuru inayotoka na umeme unaoingia ndio ufanisi wa leza, na huwezi kuuelewa bila istilahi ninayoipenda: mkondo wa kizingiti.

Pitisha umeme kidogo, leza itatoa mwanga hafifu, uliotawanyika. Ongeza taratibu. Ukifika kiwango fulani, mwanga unajipanga ghafla na kuwa leza. Hapo umevuka kizingiti, na umeme wote uliokufikisha hapo haukuzaa nuru ya kazi. Wapo wanaosema “kiwango cha chini”. Siwaungi mkono: kiwango ni kipimo tu, ilhali kizingiti kina nje na ndani. Hata maana ya kikwazo, iliyozoeleka magazetini, inafaa, maana umeme hulipa ushuru pale.

Mwaka 1962, Robert Hall wa General Electric alipowasha leza ya semikondakta, kizingiti kilikuwa juu mno hata ikabidi ipozwe kwa naitrojeni ya kimiminika. Mwaka 1970 kundi la Zhores Alferov, Leningrad, lilibana tabaka jembamba la semikondakta katikati ya mawili ya aina nyingine. Kizingiti kikashuka, leza ikawaka mfululizo katika joto la chumbani.

Lakini leza ikipata joto, kizingiti hupanda; umeme unaongezwa, joto nalo linazidi. Ndiyo maana baadhi ya leza hufungiwa kipozeo, ambacho chaweza kula umeme mwingi kuliko leza yenyewe. Mwaka 1982 Yasuhiko Arakawa na Hiroyuki Sakaki walipendekeza elektroni zifungiwe kwenye vitone vidogo mno, ili kizingiti kisiyumbishwe na joto. Leza za vitone sasa zinatengenezwa, na zaweza kufanya kazi bila kipozeo. Umeme ukikatika na mtambo ukabaki kwenye betri, kile ambacho kingeliwa na kipozeo kinabaki kuwa nuru.