Nyumba, Njia na Korosho: Habari za Kuondoka na Kurudi kwa Watu wa Nakapanya

Chama Kikuu chetu kinapotimiza miaka kumi, wengi watatarajia kusoma humu hesabu za magunia na majina ya wenyeviti. Hayo yamo katika kurasa nyingine. Sisi tuliombwa historia, nasi tumechagua swali moja ambalo wazee wengi wa Nakapanya wamepata kuulizwa na wajukuu wao: kwa nini babu alikwenda Tanga?

Nakapanya i mashariki ya Mkoa wa Ruvuma, wilayani Tunduru, katika njia itokayo Masasi kwenda Songea. Wayao ni watu wa safari tangu kale. Misafara ya pembe za ndovu na, yatupasa kusema bila kuficha, ya watumwa pia, ilitoka pande za Ziwa Nyasa ikipita nchi hizi hadi Kilwa. Kwa hiyo safari si jambo geni kwetu. Lakini kusafiri kwa biashara na kusafiri kwa kukosa ni mambo mawili, na hili la pili lilianzia mlangoni pa nyumba.

Mwaka 1898 serikali ya Wadachi ilianza kutoza kodi ya nyumba. Ajabu yake ni hii, kwamba nyumba, iliyo alama ya mtu kutulia, ndiyo iliyomtoa mwenyewe nje. Maana alidaiwa fedha, na shamba la mtama halikumpa fedha. Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 vikafuata, na njaa baada yake. Waingereza walipoitawala nchi hawakuifuta kodi hiyo, bali walimtoza kodi ya kichwa hata yule mwanamume asiyekuwa na nyumba. Basi vijana wakaifuata fedha ilikokuwa: wengine katika mkonge wa Lindi, wengine mbali zaidi, Morogoro na Tanga.

Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda ofisi ya kuandika wafanyakazi, iliyojulikana kwa jina la SILABU. Jimbo la Kusini, Songea na Tunduru zikiwamo, lilikuwa mojawapo ya nchi walikotafutwa watu. Kila mmoja alipewa namba yake, na ndiyo sababu wakaitwa manamba. Alipewa pia kipande chenye siku 30 za kazi, na mshahara haukutimia mpaka siku zote zitimie. Alilala kambini, katika chumba kisicho chake, wakati nyumba yake mwenyewe ilikuwa ikioza. Paa la nyasi lataka kuezekwa upya kila baada ya miaka michache. Hivyo nyumba ya aliyekwenda mkongeni ilijulikana kwa mbali, kwa paa lake, na mkewe ndiye aliyelala chini ya matone. Mume akirudi alileta nguo, blanketi, pengine baisikeli. Wengine hawakurudi, na wajukuu wao wako Tanga hata leo.

Watawala wengi walipenda kusema kwamba vijana hawa walivutwa na tamaa ya kuona dunia. Bwana P. H. Gulliver, mtaalamu wa elimu ya jamii aliyetumwa na serikali, aliwachunguza Wangoni na Wandendeule, na matokeo yake yakachapishwa Kampala mwaka 1955. Yeye alieleza kuwa sababu kubwa ilikuwa uhitaji wa fedha katika nchi isiyo na njia nyingi za kuipata. Wazee wetu wangeweza kumwambia hayo kwa siku moja, lakini ni vizuri kwamba yaliandikwa. Tena mfano ulikuwapo karibu: Wamatengo waliokuwa na kahawa hawakuwa mashuhuri kwa umanamba kama jirani zao, na katika mwaka 1936 kilikwisha kuundwa chama kikuu cha Wangoni na Wamatengo, NGOMAT, kilichouza tumbaku ya wanachama.

Kwetu zao lililojibu swali la fedha lilikuwa korosho. Mkorosho hukaa miaka mingi, nao humfunga mwenyewe na ardhi kuliko mtama. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilipata tani zipatazo 145,000. Kisha watu wakahamishwa tena, safari hii si na kodi, bali na Operesheni Vijiji. Nyumba zilijengwa upya kando ya barabara, na mikorosho ikabaki ilikopandwa, mwendo mrefu kutoka kwa mwenyewe, vichaka vikiizunguka. Bei ya mkulima ilikuwa ndogo, ugonjwa wa ubwiriunga ukaingia, na vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa mwaka 1976, hata viliporudishwa kwa sheria ya 1982. Msimu wa 1986/87 korosho za nchi nzima hazikufika tani 20,000. Shule na zahanati za vijijini zilikuwa na faida yake, hatukatai. Lakini aliyepanga nyumba hakuuliza mti uko wapi.

Katika miaka ya 1990 njia iligeuka. Vito vilipoonekana Tunduru, wageni walimiminika kutoka mikoa mingine na hata ng'ambo. Baadaye ukaja mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza Mtwara mwaka 2007, na mkulima akapeleka korosho ghalani kwa chama chake kungoja mnada. Lami nayo ikafika: kilometa 70.5 kutoka Mangaka hadi Nakapanya, na 66.5 kutoka hapa hadi Tunduru mjini.

Sensa ya 2022 iliuliza nyumba imeezekwa kwa nini, na mtu amezaliwa wapi. Ni maswali mema, ila twawaomba viongozi wasihesabu bati peke yake. Ziko nyumba za bati zilizofungwa kwa kufuli mwaka mzima, wenyewe wako Dar es Salaam. Na ziko za nyasi ambamo watu wanakula na watoto wanasoma. Katika msimu wa 2018/19 serikali ilizinunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, bei nzuri, lakini malipo ya wengi yalichelewa. Mkulima anayengoja hununua chakula kwa mkopo, na mwanawe hutazama basi linalopita. Kwa hiyo tukiulizwa kipimo cha kazi ya Chama, tutataja siku zinazopita kati ya mnada na malipo, kabla ya kutaja tani.

Wanachama wenye vipande vya zamani vya mkongeni, vya baba au babu zao, wanaombwa kuvionyesha kwa katibu wa chama chao cha msingi. Vitanakiliwa na kurudishwa kwa wenyewe.