Riadha ya Michezo ya Afrika: Kutoka Brazzaville hadi Accra

Michezo ya kwanza ya Afrika ilifanyika Brazzaville Julai 1965, na zikaja nchi zipatazo 30, nyingi zikiwa bado changa katika uhuru. Wakenya wawili wakagawana mbio nne: Wilson Kiprugut akabeba mita 400 na 800, Kipchoge Keino akabeba 1,500 na 5,000.

Kisha kimya. Bamako ilikuwa ipokee wageni 1969, lakini Novemba 1968 jeshi likapindua serikali ya Mali na michezo ikafia hapo. Afrika ikangoja hadi Januari 1973, Lagos.

Lagos ndiko riadha ya michezo hii ilikopata mbio zake kubwa kuliko zote, kwa macho yangu. Katika mita 1,500 alikuwepo Keino, bingwa wa Olimpiki wa 1968. Kando yake kijana wa Kitanzania, Filbert Bayi, ambaye hakuwa na subira ya kujificha nyuma ya mtu. Desturi ya mbio hizo ilikuwa kuviziana hadi kengele ya mzunguko wa mwisho. Bayi alishika usukani mapema, akaukataa mgongo wa mtu yeyote, na Keino akafika wa pili. Mwaka uliofuata, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Christchurch, Bayi alikimbia vilevile na kuweka rekodi ya dunia ya dakika 3:32.2. Lagos hiyohiyo, John Akii-Bua wa Uganda alishinda mita 400 za viunzi.

Nairobi ikapokea michezo 1987, katika uwanja wa Kasarani. Afrika Kusini iliyokuwa imetengwa kwa ubaguzi wa rangi ikaingia Harare 1995.

Tatizo limekuwa kalenda. Mashindano ya Dunia ya riadha yalipoanza 1983, nyota wengi walianza kuchagua waende wapi. Mwaka 2015 michezo ilirudi Brazzaville kuadhimisha miaka 50, lakini ilifunguliwa siku tano tu baada ya Mashindano ya Dunia ya Beijing kumalizika. Nani angekuwa na miguu?

Hata hivyo wapo waliorudi kila walipoweza. Julius Yego, Mkenya aliyejifunza kurusha mkuki kwa kutazama video za intaneti, alitwaa dhahabu Maputo 2011 na Rabat 2019. Accra, Machi 2024, alirusha mita 81.74 na kuchukua dhahabu yake ya tatu.