Notsi Zisizolowa

Webuye, Kaunti ya Bungoma, kuna kiwanda kilichotengeneza karatasi kwa maji ya mto Nzoia. Watu bado wanakiita Pan Paper. Kilianza kazi miaka ya 1970, kikafungwa 2009, kikauzwa 2016. Sisi tuliozoea kusafiri kati ya Kitale na Bungoma tulikijua kwa pua: ukisinzia kwenye matatu, harufu ndiyo iliyokuamsha ikuambie umefika Webuye. Mto wenyewe hauna undugu na karatasi. Unatoka Cherangani na Elgon, unapita Trans Nzoia, Webuye na Mumias, unaingia Ziwa Victoria kule Budalang'i. Huko ziwani daftari likianguka majini, dakika tano ni nyingi. Linageuka uji.

Sasa swali langu ni hili: mtu aliye ndani ya mashua ndogo ya tanga, tena yuko mbioni, anaandika wapi?

Nasema ndogo kweli, mita nne hadi sita, mtu mmoja au wawili. Kenya ilipeleka timu kwenye Olimpiki ya Roma ya 1960 kwa mashua za namna hiyo, aina ya Flying Dutchman, na mbio zikafanyika Ghuba ya Napoli. Na kama wewe ni wa Nairobi, yale magugu yaliyofunika Bwawa la Nairobi, hapo kati ya Lang'ata na Kibera, yamelala juu ya maji yaliyozuiwa mwaka 1953, ambako watu walikuwa wakishindana kwa matanga. Pita hapo leo ujaribu kuamini.

Mbioni mkono mmoja uko kwenye usukani, mwingine umeshika demani, ile kamba inayovuta na kulegeza tanga, na makalio yako nje ya mashua ili isipinduke. Na bado una mambo ya kukumbuka: boya lipi linazungukwa kwanza na kwa upande gani, upepo ulikuwa unatoka nyuzi ngapi dakika kumi zilizopita, sasa umehamia wapi. Kalamu ya wino inateleza kwenye karatasi yenye maji. Penseli inavumilia kidogo. Kwa hivyo wengi huandika kwenye mashua yenyewe. Wanachukua penseli ya nta, zile nene, wanaandika namba za upepo kwenye sitaha nyeupe mbele ya magoti, na jioni wanazifuta kwa kitambaa. Wengine hubandika tepu na kuandika mpangilio wa maboya juu yake, au hujifunga kibao cha plastiki pajani.

Lakini notsi ninazozipenda mimi hazina hata herufi moja. Mashua ikienda vizuri sana, unatia alama kwenye kamba pale inapoingia kwenye kapi. Kesho upepo ukiwa ule ule, huna haja ya kusoma kitu. Unavuta mpaka alama ifike pale pale.

Kabla sijaacha chuo, lekcha mmoja alituambia kwamba bila hati hakuna historia, kuna hadithi tu. Niliiandika, bana, na nikapiga mstari chini yake. Mabaharia wetu wana neno kubisha, maana yake kwenda kushoto na kulia dhidi ya upepo hadi ufike unakotaka. Na mimi nimekuwa nikibisha na yule lekcha kichwani kwa namna zote mbili, kwa sababu nikitazama vyombo vya baharini naona kamba imekuwa daftari kwa karne nyingi.

Chukua bildi, ile risasi nzito inayoshushwa kupima kina. Kwenye meli za Waingereza kamba yake ilikuwa na vipande viwili vya ngozi kwenye pima ya pili, vitatu kwenye pima ya tatu, kitambaa cheupe kwenye pima ya tano, chekundu kwenye ya saba, na kwenye ya kumi kipande cha ngozi chenye tundu. Vitambaa havikuwa vya aina moja, ili usiku baharia avijue kwa kuvigusa, wengine hata kwa midomo. Mwendo nao ulipimwa kwa kamba yenye mafundo kila baada ya mita 14 hivi. Ilitupwa nyuma ya meli, ikaachwa ijifungue kwa sekunde 28 za kioo cha mchanga, kisha mafundo yaliyopita yakahesabiwa. Mpaka leo mwendo wa meli unahesabiwa kwa mafundo, hata ile yenye setilaiti juu ya paa.

Katika Bahari ya Hindi kulikuwa na kamal. Ni kibao kidogo cha mbao chenye uzi katikati, na uzi una mafundo. Unauma uzi kwa meno, unakisogeza kibao mpaka ukingo wa chini uguse upeo wa bahari na wa juu uguse Nyota ya Kaskazini. Kila bandari ina fundo lake. Ukitaka kurudi bandari fulani, unauma fundo lake na kusafiri kaskazini au kusini mpaka nyota ikae sawa, kisha unageuka na kufuata mstari huo. Fundo hilo ni sentensi nzima, na chumvi haiifuti.

Ndiyo maana kisa cha Malindi kinaniuma. Aprili 1498 Vasco da Gama alifika hapo akiwa hajui njia ya India. Mfalme wa Malindi akampa rubani. Waliondoka tarehe 24 Aprili, na baada ya siku 23 za maji matupu wakaiona nchi ya India tarehe 18 Mei. Tunazijua tarehe hizi kwa sababu mmoja wa wasafiri Wareno alikuwa akiandika shajara. Ameandika hata kwamba Jumapili iliyofuata waliiona tena Nyota ya Kaskazini, ambayo hawakuwa wameiona kwa muda mrefu. Malindi iko kusini mwa ikweta, nyota hiyo haionekani huko. Yaani mwandishi aliona nyota akafurahi. Nadhani rubani aliiona akapima.

Na rubani ni nani? João de Barros, mwanahistoria Mreno aliyechapisha kitabu chake 1552, anamwita Malemo Cana, Mwislamu wa Gujarat. Malemo ni muallim, neno lile lile lililotupa mwalimu, na baharini muallim ndiye rubani. Cana, wasomi wengi wanaona, ni neno la Kihindi la mnajimu. Kwa hiyo jina lililobaki si jina. Ni kama historia ya shule yako ingekukumbuka kwa jina la Mwanafunzi Prifekti. Barros huyo huyo anasimulia kwamba da Gama alimwonyesha rubani astrolabu yake ya mbao na nyingine za chuma, na jamaa hakushangaa hata kidogo. Alisema wao hutumia chombo kingine, akakitoa: mbao tatu. Hapo ndipo ninapompenda.

Wengine watakuambia rubani alikuwa Ahmad ibn Majid, mwanamaji mkuu kutoka Julfar, leo Ras al-Khaimah. Habari hiyo inatokana na al-Nahrawali, aliyeandika zaidi ya nusu karne baadaye, na anadai Wareno walimlewesha ndipo akawaonyesha njia. Wanahistoria wengi wa sasa hawaikubali. Mimi naona imeishi kwa sababu shimo la jina lilihitaji kuzibwa, na Ibn Majid alikuwa na kitu ambacho rubani wa Malindi hakutuachia: maandishi. Leo Malindi kuna nguzo ya Vasco da Gama, msalaba wake wa jiwe la Lisbon. Watalii hupiga picha hapo.

Mtu anaweza kunijibu kwamba alama ya kamba huoza na kamba, na kweli ndiyo udhaifu wake. Alama kwenye demani inamfaa aliyeitia, labda na mwanawe. Lamu, wakati wa mashindano ya Maulidi, mashua hujaa watu na viroba vya mchanga. Vijana hutoka nje juu ya ubao kuizuia isipinduke, na nahodha anayejua fungu la mchanga liko wapi hawezi kukuchorea hapo hapo. Muulize mbio zikiisha, na umuulize kabla hajazeeka.

Ibn Majid alilijua tatizo hilo, na dawa yake ilikuwa shairi. Aliandika nathari pia, lakini maelezo mengi ya njia aliyatia katika beti za rajazi, kwa vina na mizani, kwa sababu beti inakaa kichwani mikono ikiwa na kazi, na ukisahau neno moja kina kinakushtaki. Shairi lake moja ni la njia ya Sofala, pwani yetu hii. Nakala yake ilikaa Leningrad, mtaalamu Mrusi Teodor Shumovsky akaichapisha mwaka 1957. Malindi imo. Kilwa imo.